Samaki Wasio na Mdudu

"Mama, hii samaki ni ya nani?"

Hilo ndilo swali nililowaachia juma lililopita, nikaweka kalamu chini nikaenda kula. Mmenitukana vya kutosha katika barua zenu. Nimezisoma zote, hata ile ya bwana wa Lubunga aliyeapa kwamba mwenye sumu ni Mama Félicité. Tulia, bwana. Leo utaona.

Kwa aliyechelewa: ni Oktoba 1964, na waasi wameshika mji wa Stanleyville, ambao sisi wenyewe tuliuita Kisangani siku zote. Kapteni Dominique wa jeshi la waasi amesimama ndani ya depo ya samaki wakavu ya Mwanahamisi, karibu na bandari. Miguuni pake amelala René, mtu wa Yanonge, fundi wa maabara, amefungwa mikono kwa kamba ya mtumbwi. Jana mchana askari watatu wa Kapteni walikula samaki wa depo hiyo. Kufikia jioni walikuwa wanatapika, na midomo inawatetemeka hata hawawezi kutaja majina yao.

Kapteni amemuuliza Mwanahamisi samaki ni wa nani. Akisema ni wa René, atarudi nyumbani kwake na René atapigwa risasi. Akisema ni wake, mnajua wenyewe.

"Ni yangu," alisema Mwanahamisi.

"Mama, hapana!" René alipiga kelele kutoka sakafuni. "Sema ni yangu. Ni miye nilileta."

"Nyamaza, René. Uliileta, niliipokea, iko kwa depo yangu. Sasa ni yangu."

Kapteni akatikisa kichwa kama mtu aliyeongezewa kazi.

"Bon," alisema. "Basi tuko na batu mbili ya kuuwa, hapana moja."

Mjinga, mtasema. Mimi sitasema hivyo. Mwanahamisi alikuwa mjane wa Jafari, aliyefariki mwaka uliotangulia kwa homa ya siku tatu, na Jafari hakuwahi kuuza samaki ambaye asingemla yeye mwenyewe. Alikuwa akichomoa samaki ndani ya gunia lilelile, anamtafuna mbele ya mteja. Soko zima lilijua samaki wa Jafari. Mjane wake alilinda jina hilo kuliko alivyolinda pete zake, na kwa jina hilo akaweka shingo yake rehani.

Kapteni alitoa mfukoni karatasi iliyobanduliwa kwenye gunia.

"Hapa waliandika irradié. Mutu ya Yanonge, eleza tena. Na ukisema uongo, nitajua."

Kapteni hakujua lolote kuhusu mambo hayo. Ila neno hilo, nitajua, alimwambia kila mtu.

"Mon capitaine, irradié ni kupitishwa mwangaza. Mwezi ya tano nilibeba samaki mupaka Léopoldville," alisema René. "Tuliiweka ndani ya nailoni, tukafunga nailoni na chuma ya moto. Kisha tukaiweka mbele ya jiwe moja, cobalt. Hiyo jiwe inatoa mwangaza, macho haiwezi kuiona. Inapita ndani ya samaki, inauwa vidudu na mayayi yao yote. Basi, inakwisha. Tulitaka kuona kama samaki itakaa miezi mingi bila kuharibika. Munajua nyinyi wenyewe. Toka Isangi mupaka hapa vidudu vinakula nyama yote, mama ya soko anauzisha mifupa."

"Bombe ya Hiroshima ilikuwa pia mwangaza."

"Hii haiko bombe. Ukimulika samaki na tochi, kisha ukazima tochi, taa inabaki ndani ya samaki?"

Askari mmoja alicheka. Kapteni alipomtazama, kicheko kikakauka.

"Na dawa ya askari yangu?" aliuliza Kapteni polepole. "Balipewa dawa, risasi isiwapate. Mwangaza yenye inauwa vidudu ndani ya samaki, haiwezi kuuwa dawa ndani ya mutu?"

Katika mji ule, miezi ile, hilo lilikuwa swali la kumtoa mtu roho.

Aliyemwokoa René ni yule ambaye hakutaka kumwokoa hata kidogo.

"Mwangaza ya nini, Commandant?" Sauti ilitoka mlangoni, na nyuma ya sauti akaja Mama Félicité, jirani na mshindani wa Mwanahamisi sokoni, mikono kiunoni. "Banakudanganya! Hii ni dedete. Unga ya kuuwa mbu!"

"Umejua namna gani?"

"Angalia samaki. Iko hapa miezi tatu. Kidudu iko wapi? Piga juu ya meza." Alinyakua mfuko mmoja wa samaki kutoka kwenye gunia lililofunguliwa akaupigapiga mezani. Ndani ya nailoni hapakuanguka kitu. "Nzambe, Mungu wangu! Hata moja! Samaki ya miezi tatu bila kidudu, ni mutu alimwanga dedete. Kila mama ya soko anajua hiyo. Mi mwenyewe nikiona samaki bila kidudu, siuzi."

Watu waliojazana mlangoni wakanong'ona. Ni kweli, walisema. Na wasomaji wangu, ilikuwa kweli. Kina mama wa Kisangani hawakuogopa mdudu ndani ya samaki. Waliogopa asipokuwepo. Mdudu alikuwa shahidi wao kwamba hakuna mtu aliyenyunyiza unga.

Kwa hiyo tazameni balaa hili. René amehangaika hadi Léopoldville kumpata samaki safi, na usafi huohuo ndio unaompeleka kaburini.

Kapteni alifungua kifuko cha bastola.

"Félicité anasema kweli," alisema Mwanahamisi.

Hata Félicité mwenyewe alishtuka.

"Anasema kweli kabisa. Ningekuwa kwa nafasi yake, ningesema vilevile. Lakini Mama Félicité, nikuulize. Dedete ikikuwa juu ya samaki leo, kesho inaondoka?"

"Inaondoka kwenda wapi? Inabaki. Hata ukipanguza, inabaki."

"Na ukiweka kidudu kipya, muzima, juu ya hiyo samaki?"

"Anakufa. Asubuhi unamuweka, saa tisa amekwisha."

"Umesikia, Kapteni?" Mwanahamisi alimgeukia. "Mwangaza ya René inapita, haibaki. Dedete inabaki. Basi tutafute vidudu, tuviweke juu ya samaki yangu. Vikikufa, iko dedete, utuuwe sisi wawili, sitalalamika. Vikikula, unamufungua huyu mutu."

"Na vidudu vitatoka wapi?"

"Kwa Mama Félicité," alisema Mwanahamisi. "Yeye ana vingi."

Mlangoni watu waliangua kicheko. Félicité alikunja uso, lakini alikuwa ameshajigamba mbele ya soko zima kwamba samaki wake wana wadudu. Angekataaje? Alikwenda akarudi na kambale mmoja mweusi, na alipomkung'uta juu ya sahani wadudu walimwagika, weusi, wagumu, wanakimbia kila upande.

Mwanahamisi alileta chupa ya kioo yenye mdomo mpana, bokali kama tunavyoiita. Alichukua mfuko wa nailoni ambao haujafunguliwa, akaukata mbele ya macho ya wote, akamtia samaki ndani ya bokali pamoja na wadudu ishirini, akafunga mdomo kwa kitambaa.

"Ngoja kwanza," alisema Kapteni. "Hii samaki umechagua weye. Leta bokali ingine."

Alimpa ishara askari, naye akaleta mfuko wa nailoni uliobaki nusu, ule waliokula wagonjwa. Kapteni mwenyewe alimtoa samaki, mwenyewe akahesabu wadudu ishirini, mwenyewe akafunga kitambaa. Mwanahamisi hakupinga. Kwa nini apinge? Samaki walikuwa wa siku moja, gunia moja, jiwe moja.

Laiti angeutazama vizuri ule mfuko!

"Ufunguo ya depo iko na nani?" aliuliza Kapteni.

"Iko na mi. Na ya pili iko na shemeji yangu, Alfani, mudogo ya Jafari."

"Yuko wapi?"

"Anakaa Lubunga, ngambo ya mto. Asubuhi alipita hapa, aliposikia askari banaugua, akavuka na mtumbwi kurudi kwake."

"Aliposikia askari banaugua," Kapteni alirudia maneno hayo mojamoja. "Mumulete."

Askari wawili wakashuka mtoni. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Siwachoshi na saa tano za kungoja. Kapteni alikaa juu ya gunia la chumvi, bastola pajani, hakuondoa macho kwenye zile bokali. Félicité alisema anaenda kulinda meza yake sokoni, asiende. Karibu na adhuhuri René, bado amefungwa, alimnong'oneza Mwanahamisi.

"Mama, mbele askari wakule, nailoni zote zilikuwa fermé, zimefungwa, si ndiyo?"

"Zote. Ulisema tusifungue, hatukufungua."

"Sababu ikifunguliwa, vidudu ya magunia ingine itaingia. Mwangaza haiwezi kuizuia. Iliuwa yenye ilikuwa ndani, basi. Nailoni ndiyo mulango."

"Hakuna mutu alifungua, René. Nani angefungua?"

Alipomaliza kusema hivyo, Mwanahamisi alikumbuka Alhamisi. Katika ukoo wa Jafari, kila Alhamisi samaki hutolewa maguniani, hutandazwa juani juu ya mkeka ili wapumue na wadudu wakimbie. Baba yake Jafari alifanya hivyo, na babu yake. Mwanahamisi alikuwa amekataza samaki wa René wasitandazwe. Alikataza kwa sauti, mbele ya Alfani, na Alfani alisema ndiyo shemeji.

Alfani alikuwa na ndiyo nyingi. Mimi mtu wa ndiyo nyingi humtazama mara mbili.

Saa tisa ilipofika, Kapteni alisimama. Watu walisukumana mlangoni. Alianza na bokali yake mwenyewe, ile ya samaki waliokula wagonjwa. Alifungua kitambaa, akaiinamisha juu ya sahani.

Wadudu ishirini walianguka chali, miguu juu, hawatikisiki.

"Nilisema!" Félicité aliruka. "Nilisema mi! Dedete!"

Bastola ilikuwa imeshapanda, na mdomo wake ulimtazama René.

"Fungua ya pili!" alilia Mwanahamisi. "Kapteni, kwa jina ya Mungu, fungua ya pili kwanza!"

Kapteni hakuifungua. Aliiinua tu, kwa mkono wa kushoto, akaitazama dhidi ya mwanga wa mlango. Kisha akashusha bastola kidogo kidogo.

Ndani ya bokali ya pili wadudu walikuwa wanatembea. Wawili walikuwa wamekwisha kutoboa tumbo la samaki, na unga mwembamba wa nyama ulikuwa umejaa chini ya kioo. Walikuwa wanakula kama wageni wa arusi.

Mama Félicité aliisogelea bokali mpaka pua yake ikagusa kioo. Akaanza kuwahesabu wadudu wake mmoja mmoja.

"Mwangaza moja," alisema René. "Siku moja, jiwe moja. Kama mwangaza ni sumu, mbona hivi vinakula?"

"Lakini ile ingine iko na sumu," alisema Kapteni.

"Ile ingine mutu aliifungua. Angalia nailoni, mon capitaine. Askari yako wanapasua na meno, sivyo? Hii imekatwa na kisu, murefu, murembo. Kisha wakaifunga na uzi."

Kapteni aliuchukua mfuko. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, na uzi ulikuwa bado unaning'inia. Alimtazama askari aliyeuleta.

"Tulikuta vile, Kapteni. Ilikuwa tayari wazi. Tulichukua yenye iko rahisi."

Wakati huohuo mlangoni watu wakaachana njia, na Alfani akaingia katikati ya askari wawili, kanzu nyeupe, viatu vimelowa maji ya mtumbwi, tasbihi inapita vidoleni punje moja baada ya nyingine. Aliona wafu ndani ya sahani. Aliona walio hai ndani ya bokali. Sura yake haikubadilika, ila tasbihi iliongeza mwendo.

"Ulifungua hii nailoni?" Kapteni hakumsalimu.

"Commandant, nilifungua moja tu," alisema Alfani, kwa upole wa kukera. "Mutu hawezi kudanganya mukubwa. Samaki inatoka jasho ndani ya nailoni, inapaswa ipumue. Alhamisi nilitandaza kwa jua, kama baba yetu alitufundisha. Shemeji alikataza, lakini yeye ni mwanamuke, hajui desturi ya nyumba yetu."

"Kisha?"

"Kisha vidudu ya magunia ingine vikaingia ndani. Nikasikia haya. Nilijua shemeji atapiga kelele. Nikaweka unga kidogo, kama kawaida, nikafunga na uzi. Sikujua askari watakula hiyo. Nilifikiri itauzwa."

"Itauzwa!" alifoka Félicité. "Kwa batoto ya batu!"

"Hiyo unga iko wapi?" aliuliza Kapteni.

Alfani alionyesha kwa kidevu. Askari aliingiza mkono nyuma ya magunia ya chumvi, ubaoni pa chini kabisa, akatoa kopo la zamani la maziwa ya unga. Harufu yake ilifika mlangoni. Kapteni alilifungua, akalifunga haraka.

"Mufungue huyu mutu ya Yanonge," alisema. "Cobalt yake haikuuwa mutu."

Kamba ilikatwa. René alikaa sakafuni akijisugua mikono na kulia waziwazi, wala sioni aibu kuwaambia kwamba nami nililia nilipoandika hapa. Watu walipiga makofi. Félicité alimshika Mwanahamisi bega, akasema, "Mama, nitasema kwa soko. Nitasema nimeona na macho yangu." Kwa Félicité huo ulikuwa msamaha mkubwa.

Lakini Mwanahamisi hakuwa anasikia. Alikuwa amesimama mbele ya ubao wa chini, mahali kopo lilipotolewa. Juu ya mbao palikuwa na duara la kutu, nene, jekundu, limezama ndani ya mti. Kutu kama ile si ya miezi mitatu. Na maneno mawili ya Alfani yalikuwa yanazunguka kichwani mwake, maneno ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyajali.

Kama kawaida.

"Mama," Kapteni alimwita. "Huyu ni mutu ya nyumba yako. Askari yangu watatu wako karibu kufa. Kama alifanya kwa ujinga, nitamupiga fimbo, nitamufunga, basi. Kama alijua hii unga inauwa mutu, mi namumaliza hapa hapa. Unamujua kuliko mi. Sema weye."

"Ujinga, Commandant, ujinga tu," alisema Alfani. Akamgeukia Mwanahamisi, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Shemeji, mwambie. Mi ni damu ya Jafari."

Damu ya Jafari! Mwanahamisi alifumba macho. Aliona tena kitanda, mwaka mmoja nyuma. Alikuwa amekwenda Bafwasende kuzika shangazi yake, na aliporudi alimkuta mumewe amekwisha kushikwa na ile homa. Jafari alitapika mpaka hakubaki na kitu. Alitaka kumwambia mkewe jambo fulani, siku nzima alitaka kumwambia, na hakuweza kwa sababu midomo ilikuwa inamtetemeka, kama ya wale askari watatu. Watu wote walisema malaria. Alfani ndiye aliyesema kwanza.

Na Jafari alikuwa mtu wa kula kutoka kwenye gunia lake mwenyewe, mbele ya kila mteja.

"Mama?" Kapteni aliita tena. "Ujinga ao kusudi?"

Mwanahamisi alifumbua macho. Alijua kwamba neno moja lake lingemlaza mtu chini, na kwamba hakuwa na hakika, na kwamba akinyamaza leo hatakuwa na hakika maisha yake yote. Alimtazama Alfani.

"Shemeji," alisema taratibu. "Unga iko hapa tangu lini?"

"Zamani kidogo."

"Jafari alijua?"

Alfani alizidi kuharakisha tasbihi.

"Ile juma nilikuwa Bafwasende, shemeji, nani alikuwa anamupikia Jafari?"

Tasbihi ikasimama mkononi mwa Alfani.